Kipa aliandikiwa barua ya kazi kwenye matanga ya mama yake. Mimi, kapiteni wa washangiliaji, nilinyimwa

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani.

Miaka minne nasoma humu bila kuandika hata neno moja. Kiswahili hiki ninachoandika nimekipata kwenu zaidi kuliko darasani, maana shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Mkiona nimeteleza mnivumilie.

Nitaandika nilichokiona na kukisikia mwenyewe. Nisichokijua nitasema sikijui. Na pale nilipokosa mimi, nitasema pia.

Nilingoja hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, basi naandika nayo.

Naitwa Rosette. Nina miaka ishirini na saba. Asubuhi nauza samaki wa kukaushwa sokoni pamoja na mama. Jioni, kwa miaka kumi na moja, nilikuwa animatrice wa klabu moja ya mpira ya hapa. Jina la klabu sitalitaja, msinisumbue PM.

Animatrice ndiye ninyi mnaweza kumwita mshangiliaji. Wale wasichana wa uwanjani wenye sare na manyoya ya plastiki mikononi.

Najua wengine mmeshacheka. Mnadhani ni kutikisa kiuno mbele ya wanaume.

Ngoja niwaeleze. Tulikuwa kumi na wanne. Wanne wanasimama chini, tunawaita nguzo. Wawili wanapanda mabegani mwao. Mmoja anakwenda juu kabisa. Kapiteni anahesabu kwa Kifaransa kutoka moja hadi nane, na kila namba ina kazi yake. Namba tatu magoti yanakunjwa, namba tano mtu anaondoka ardhini. Ukihesabu haraka kuliko miguu ya wenzako, kuna mtu atatua kwa shingo.

Magodoro hatuna. Tunajaza pumba za mchele kwenye magunia, tunaomba kwenye vinu, tunayatandika kwenye nyasi. Mvua ikinyesha pumba zinaoza na kunuka, tunamwaga na kuanza upya. Mimi nimevunjika kifundo cha mkono mara moja. Bibiche, nguzo wetu wa kushoto, ana jino moja pungufu kwa sababu ya goti langu. Hajawahi kunidai hilo jino, ila kila mwaka mpya ananikumbusha.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Shikeni hilo neno, kazi, maana kisa chote kiko hapo.

Papa yangu alikuwa mvuvi wa kwenye maporomoko. Mnaojua Kisangani mnajua ile miti mikubwa inayosimamishwa katikati ya maji makali kushikilia mitego. Papa alikuwa mmoja wa wanaopanda juu yake.

Nilipoanza, mama alilia. Majirani waliniita Mama Majorette, yaani mcheza gwaride, na hawakuwa wakinisifu. Papa peke yake ndiye alikuja uwanjani kuona. Alisimama pembeni na kofia yake mkononi, akatazama mpaka tulipomaliza. Halafu akaenda kwa wale nguzo wanne, akawageuza miguu mmoja mmoja, akawaambia wasimame kwa ubavu kama mtu aliye ndani ya maji. Tangu siku ile piramidi yetu iliacha kutetemeka.

Mwaka huu kukaja habari kubwa. Kinshasa kulikuwa na mafunzo ya miezi mitatu kwa animatrices wa mikoa. Kila klabu inapeleka mtu mmoja, mwenye uzoefu wa miaka mitatu na zaidi. Ukimaliza unapata brevet, yaani cheti, unarudi kuwa mkufunzi wa mkoa, unafundisha mashuleni. Maana yake hii kitu inakuwa maisha yako rasmi.

Wenzangu wote walinichagua mimi. Prezida wa klabu alijaza fomu yangu mbele yetu, akatia sahihi, akapiga mhuri, akaiweka kwenye faili yake. Nilirudi nyumbani sigusi ardhi.

Wiki mbili baadaye papa akashikwa na homa. Siku tisa tu.

Hapo sitaandika mengi, mniwie radhi.

Kwenye matanga prezida alikuja na kikundi kizima. Aliomba kusema. Alisema klabu nzima imefiwa, alisema mimi ni mtoto wake, alisema bila Rosette uwanja hauna roho. Machozi yalimtoka, niliyaona. Na mimi nililia zaidi kwa sababu ya maneno yake.

Sasa niwaeleze desturi ya familia yetu, maana bila hiyo hamtaelewa.

Baada ya mazishi, shangazi yangu, dada mkubwa wa papa anayekaa Isangi, alitufunga watoto wa marehemu kitambaa cheusi mkononi. Kitambaa hicho anakifungua yeye mwenyewe siku ya kutoa matanga, na kwetu ni baada ya mwaka. Mwenye kitambaa hachezi ngoma, haendi harusini, hakai kwenye meza ya sherehe.

Lakini kazi anakwenda. Mvuvi anavua, mwalimu anafundisha. Kaka zangu wawili walirudi kwenye maporomoko siku ya nane, wamefungwa kitambaa, na hakuna mtu aliyewauliza.

Mafunzo ya Kinshasa yalikuwa yanaanza wiki ya saba.

Kwa hiyo nilikwenda kwa wazee kuomba ruhusa. Sikutaka kuondoka kama mwizi. Tulikaa kwa tonton Faustin, mdogo wake papa, ambaye sasa ndiye mkubwa wa familia. Ni katekista, mtu wa taratibu, anavaa miwani hata akiwa hasomi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia (kwetu mtoto wa kike huitwa mama):

"Mama, kazi hatukatazi. Lakini hii yako iko kazi ao iko kucheza?"

Nikasema ni kazi.

"Nani anasema?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja ya jasho na sikuwa na karatasi hata moja.

Tonton hakuwa anakataa. Akanikumbusha habari ya kipa wa klabu yetu, ambaye ni mtu wa mtaa wetu. Mwaka jana alifiwa na mama. Alizika Alhamisi, Jumapili akawa golini na kitambaa cheusi mkononi. Wazee wa kwao walikuwa wamekataa, mpaka klabu ilipoleta barua ikasomwa pale pale kwenye matanga, kwamba mchezaji huyu yuko kazini. Tonton alikuwepo, aliisikia kwa masikio yake. Wazee wakasema kama ni kazi, aende.

Akaniambia nilete barua kama ile, mstari mmoja na mhuri, na yeye mwenyewe atanisindikiza uwanja wa ndege.

Wakuu, nilitoka pale na furaha. Nilijua ni jambo la asubuhi moja. Kosa langu la kwanza ni hilo. Niliamini kwamba mtu aliyelia kwenye matanga ya papa yangu hawezi kushindwa kuniandikia mstari mmoja.

Prezida ana ofisi nyuma ya duka lake la vipuri. Nilimkuta anakula. Nikamweleza yote, taratibu, hadi habari ya barua ya kipa.

Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu anavyomcheka mtoto. Akafuta vidole akasema:

"Bon, Rosette, sikia. Kipa iko kazi. Kipa akikosa, tunafungwa. Weye ukikosa, nani ataona?"

Nikafikiria jino la Bibiche. Nikafikiria jua la saa nane na magunia ya pumba kichwani.

Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba kwenye matanga alisema bila mimi uwanja hauna roho.

"Ile ilikuwa matanga," akasema.

Akaongeza kwamba yetu ni furaha tu, na furaha haiandikiwi barua. Akiandika leo kwamba animatrice yuko kazini, kesho wote kumi na wanne watakuja na madai yao. Niwaambie tu wazee kwamba amekubali kwa mdomo.

Kwa mdomo! Kwa kipa aliandika, akapiga mhuri, akatuma mtu wa kusoma kwa sauti mbele za watu.

Sina neno na kipa, jamani. Ni kijana mzuri na mama yake alikuwa mteja wetu wa samaki. Ninachouliza ni kimoja. Kama kazi ya kipa ilistahili mstari mmoja, kwa nini yangu haikustahili?

Nilipotoka, katibu wa klabu alinifuata mlangoni. Akasema yeye anaweza kuandika hiyo barua, mhuri uko kwenye droo yake, sahihi ya prezida anaijua kuliko prezida mwenyewe. Wazee hawatagundua.

Nikakataa. Hapo najua wengi mtasema nilikuwa mjinga. Bibiche aliniambia hivyo hivyo, tena yeye alikuwa na njia fupi zaidi:

"Kitambaa unakifunga hapa, unakifungua Kinshasa. Kule nani anajua papa yako?"

Nilicheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi. Lakini mimi ndiye ninayemjua papa yangu. Sikuweza kwenda kutafuta maisha na uongo uliofungwa kwenye mkono ule ule.

Nilirudi kwa prezida mara nne. Mara ya pili alikuwa na wageni. Mara ya tatu alisafiri Banalia. Mara ya nne walisema ametoka, na viatu vyake nilikuwa naviona chini ya pazia.

Halafu siku moja mazoezini akatutangazia kwamba atakayekwenda Kinshasa ni Naomie.

Naomie ni mtoto wa dada yake. Ana miaka kumi na tisa na alikuwa na sisi miezi minne. Bado alikuwa anafunga macho wakati wa kubebwa.

Lakini hilo siyo lililonichoma zaidi. Mjomba kumpendelea mpwa wake tumezoea. Kilichonichoma ni sababu aliyoitoa. Alisimama mbele ya wasichana wote, kafumbata mikono kama padri, akasema:

"Rosette iko na matanga. Mila ya kwao inamukataza. Tuheshimu mila."

Na mimi niko pale, nimekaa kwenye gunia la pumba.

Mila ya kwetu haikunikataza! Mila ya kwetu ilikuwa imekaa kwa tonton Faustin inangoja mstari mmoja kutoka kwake yeye. Alikataa kuuandika, halafu akaibebesha familia yangu lawama, na ndani ya hiyo familia kuna mtu aliyetoka kuzikwa. Alimtupia papa yangu. Nilitaka kusema, machozi yakanitangulia. Wenzangu walikuja kunishika mabega kunipa pole, wakidhani nalia kwa sababu ya desturi.

(Umeme ulikatika, samahani. Naendelea. Ndugu uliyeuliza hapo chini kwa nini sikumshitaki kwenye kamati, kamati ni yeye, shemeji yake na yule katibu. Wa nne ni mtu sijawahi kumwona.)

Basi, Jumanne moja mchana, natwanga ndizi za lituma, ugali wetu wa ndizi, uani, nikamwona Naomie kwenye lango. Ameshika bahasha kifuani. Akasalimia, akabaki amesimama mpaka mama akamsogezea kiti.

Akasema, "Yaya Rosette, usinikasirikie. Wanataka niandike majina ya mapiramidi yote ninayoongoza. Mi siyajui."

Yaani alikuja kwangu nimjazie fomu ya nafasi yangu. Nilibaki na mchi mkononi. Mama akaingia ndani, nadhani aliogopa nitakachosema.

Nikanawa mikono, nikaichukua ile fomu kumsaidia. Nasema kweli, nilitaka kumsaidia aondoke upesi.

Pale kwenye jina kulikuwa na wino mweupe wa kufutia, umekauka na kupasuka kidogo, na juu yake limeandikwa jina la Naomie. Kwenye tarehe ya kuzaliwa, wino mweupe. Kwingine kote hakukuguswa kitu.

Uzoefu: miaka kumi na moja.

Kazi: animatrice.

Chini yake sahihi ya prezida na mhuri wa klabu, buluu, safi kabisa.

Nikainua ile karatasi kwenye jua. Chini ya ule weupe nikasoma jina langu, herufi zote.

Wakuu, ile ilikuwa fomu yangu. Ile aliyoijaza mbele yetu. Mtu aliyeniambia kazi yangu haiandikiki alikuwa ameshaiandika siku nyingi, kwa mkono wake, na ikalala kwenye faili yake wakati mimi nazunguka dukani kwake kama ombaomba. Na ile miaka yangu kumi na moja hakuitupa. Alimpa mpwa wake.

Nikamuuliza Naomie kama ameiona hiyo miaka. Akainama.

"Nimeona. Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa na miaka minane. Nilimuuliza noko, akasema acha vile." Noko ndiyo mjomba, kwa Lingala.

Sikupiga kelele. Nilimwambia kwamba majina ya mapiramidi nitamwandikia yote. Lakini kwanza nataka twende pamoja kwa tonton Faustin na hii fomu, na kila nitakalosema alisikie mwenyewe. Akikataa, achukue fomu yake aende, sitamshika.

Akavaa viatu vyake, tukaenda.

Nimeandika hivyo kwa sababu wapo watu hapa mjini wanasema nilimnyang'anya mtoto wa watu fomu kwa nguvu. Sikumnyang'anya. Na nikiri jambo moja. Sikwenda kwa tonton kwa ajili ya haki peke yake. Nilikuwa na wivu pia.

Tonton alisoma. Akaenda dirishani, akaishika kwenye mwanga, akaigeuza. Akamuuliza Naomie kama sahihi ni ya mjomba wake. Akajibu ndiyo, papa.

Tonton akavua miwani.

"Basi iko kazi. Ameandika yeye mwenyewe."

Halafu akanigeukia akasema nimsamehe, tulikuwa tunangoja barua ambayo ilikuwa imeshaandikwa. Sijawahi kumsikia mzee wa kwetu akimwomba mtoto msamaha. Sikujua niangalie wapi.

Akampigia shangazi Isangi. Mtandao ulikuwa unakatika, akarudia maneno matatu matatu kama anayempigia kiziwi. Mwishoni shangazi alisema niende kazini, ila kitambaa kibaki mkononi. Simu ikakatika hapo.

Alhamisi mkufunzi kutoka Kinshasa alikuja uwanjani kukusanya fomu. Mama wa makamo, filimbi shingoni, magoti yamefungwa bandeji. Ukimwona tu unajua amewahi kuanguka.

Tonton alivaa koti lake la misa. Alimpa fomu kwa mikono miwili, kwa heshima, na Naomie kasimama pembeni yake. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba familia inaomba aiangalie vizuri.

Mkufunzi alikwaruza ule wino mweupe kwa ukucha. Akauliza Rosette ni nani. Nikainua mkono, ule wenye kitambaa.

Prezida akasema haraka kwamba ni kosa la katibu. Katibu akaangalia goli.

Mkufunzi akasema fomu iliyofutwa haipokelewi. Akatoa fomu mpya kwenye mkoba, akampa prezida na kalamu juu yake.

"Jaza sasa hivi. Jina utakalo wewe, prezida. Ila miaka iwe ya kweli."

Kila mtu pale alijua hesabu. Sharti ni miaka mitatu, Naomie ana miezi minne. Waliobaki wenye miaka mitatu walikuwa wachache na wote walinichagua mimi, na Bibiche, ambaye ndiye wa pili kwangu, alishasema kwa sauti kwamba yeye ana mtoto mchanga na haendi popote. Jina lilikuwa moja, na mwenye jina alikuwa amesimama mbele yake.

Dakika mbili za kuandika. Familia imeruhusu, mkufunzi anangoja, kalamu anayo.

Prezida aliikunja ile fomu mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati. Akasema lazima ashauriane na kamati.

Mkufunzi akamwambia ndege yake ni kesho saa sita.

Usiku ule sikulala, na kesho yake tangu asubuhi nilikaa mlangoni na begi langu, nikingoja ile fomu. Mama alikaa na mimi. Saa sita ikapita. Saa saba tukaisikia ndege juu ya mto. Mama akachukua begi, akalirudisha ndani.

Ile fomu haijarudi mpaka leo.

Yaani aliona bora nafasi ipotee, mkoa mzima ukose, kuliko kuweka jina langu pale ambapo alishaliweka mara moja. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Angempeleka Naomie kwa haki ningenuna, ningezoea. Angempeleka mtu yeyote. Hakumpeleka mtu.

Na sasa wa kulaumiwa ni nani? Mimi.

Wenzangu nane kati ya wale kumi na watatu hawanisalimii. Wanasema ningenyamaza, angalau Naomie angekwenda, angerudi kutufundisha. Sokoni mshabiki mmoja alisimama mbele ya meza yetu, samaki hanunui, akaanza kuwaambia wateja kwamba njo huyu alitunyima Kinshasa.

Mama yangu ni mjane wa miezi mitatu, sauti yake huisikii kirahisi. Alimwambia:

"Baba, enda uulize mufuko ya shati yake."

Wauza pondu, yaani kisamvu, walicheka mpaka yule mtu akaondoka.

Lakini nisiwafiche. Kuna siku nawaza kwamba wale wasichana wanane wana haki kidogo. Ningejaza yale majina ya mapiramidi na kunyamaza, leo kungekuwa na mtoto mmoja wa Kisangani anajifunza kule. Nalipima hilo jambo kila siku na bado nafika pale pale. Ile karatasi ilikuwa na uongo, na uongo wenyewe ulitengenezwa kwa miaka yangu. Nisingeweza kuujazia mistari iliyobaki.

Klabu nimeiacha. Sikuaga, nilirudisha sare imefuliwa.

Mkuu wa shule moja ya mtaani kwetu ametupa ua wa shule Jumamosi asubuhi. Tuko tisa. Bibiche yupo, anakuja na mtoto mgongoni, anamlaza kwenye gunia. Naomie yupo, mjomba wake hasemi naye. Siku hizi hafungi macho.

Jumamosi ya kwanza nilipanda juu na kitambaa changu mkononi. Mama alikuja, akakaa kwenye benchi la wanafunzi. Nilipofika juu niliogopa, jambo ambalo halinitokei. Nilikuwa sijapanda tangu papa afariki. Nikashuka kwa namba nane kama kawaida, hakuna aliyejua.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo lakini nimekilipia.

Anayekusifu kwa mdomo, mwombe aandike siku ile ile, wakati bado anakuhitaji. Usingoje siku wewe ndiye unamhitaji. Mimi niliomba barua ya kwanza baada ya miaka kumi na moja, nikiwa nimefiwa. Nilichelewa.

Na mtu akisema mila ya kwenu inakukataza, nenda uiulize mila yenyewe kabla hujalia. Wazee wangu niliowaogopa ndio walionifungulia mlango. Mtu wa kisasa mwenye mhuri ndiye aliyeufunga.

Sasa nataka kuwasikia. Ninyi wa Dar, Nairobi, Bukavu, Goma, popote mlipo, mnaofanya kazi ambayo watu wanaiita mchezo: mpiga ngoma, mchekeshaji, mchora kuta, MC. Nani alikataa kuiandika kazi yako? Na wewe ungekuwa mimi siku ile uani, fomu mkononi, mtoto wa watu anakuangalia, ungefanya nini? Mniambie hata kama ni kunikosoa. Kutukana tu ndiyo hapana, mama ananisomea pembeni.

NYONGEZA: Kuna mmoja ameuliza kama nimekata tamaa.

Juzi mkuu wa shule aliniita ofisini. Wageni wote wanaoingia na watoto lazima waandikwe kwenye daftari kubwa. Akauliza jina, nikasema. Akauliza mtaa, nikasema. Akauliza kazi.

Nikamwambia: animatrice.

Akaandika bila kuinua kichwa, akaniuliza namba ya simu.